Mshika Ufunguo wa Fontebuia

Kamelia hainuki. Kila aliyekulia vilima vya Lucca analijua hilo kabla hajajua kusoma. Ua ni kubwa, petali zimepangana kama zimepimwa kwa bikari, lakini ukilisogeza puani ni kama unanusa karatasi. Ndiyo maana Nerina Pacini, alipoinamia kichaka cha kwanza ndani ya lango la Fontebuia, aliinuka ghafla akajifuta pua kwa nyuma ya mkono.

"Fosco," akamwita kaka yake kwa sauti ya chini. "Hebu njoo unuse hapa."

"Mimi nimekuja kuendesha gari, sikuja kunusa." Lakini alikuja, akainama, akavuta pumzi hadi kifua kikamjaa. "Mbona hakuna kitu? Labda ni soksi zangu."

Nerina hakucheka. Alichokisikia ni harufu ya nywele: nywele za mgonjwa aliyelala siku nyingi juu ya mto mmoja bila kugeuzwa.

Alikuwa karani wa posta, umri wake miaka hamsini na minane, hajaolewa. Kwa miaka thelathini kila Machi alikuwa akizunguka bustani za matajiri wa zamani na daftari lake, akiandika kamelia zilizooteshwa na mabwana wa Kitaliano enzi za babu wa babu zake, nyingi zikiwa zimepotewa na majina. Bustani zote za vilima vile alishaziona isipokuwa Fontebuia. Fontebuia haikuwahi kufunguliwa kwa mgeni. Kisha mwezi wa pili ikaja barua ya mwandiko wa kutetemeka: "Njoo Jumamosi mchana. Nimezeeka, nataka kuwaonyesha miti yangu mtu anayejua majina yake. Ottavia Orsucci."

Bi Ottavia mwenyewe alikuwa akiwangoja chini ya ngazi. Mwanamke wa miaka themanini, mwembamba, amenyooka kama fimbo. Ilikuwa inanyunya, njia zimejaa tope, naye amevaa koti jeusi lililofungwa vifungo vyote na viatu vya mjini vilivyopigwa rangi vikang'aa.

"Wewe ndiye Nerina," alisema, akamshika shavu kama anayekagua tunda sokoni. "Na huyu?"

"Kaka yangu Fosco, bibi. Alikuwa dereva wa treni, sasa amestaafu."

"Aa, kaka. Mume huna?"

"Sina."

"Watoto?"

"Sina, bibi."

"Vizuri," akasema mzee, kisha akajirekebisha haraka. "Nasema, ni vizuri mtu kuwa huru."

Wakaanza kutembea. Ilikuwa bustani ya mpango wa kizamani: kuta ndefu za mawe zenye ukoga, njia nyembamba, kamelia zimekua zikapita urefu wa watu wawili na kufunika anga. Bi Ottavia alielekeza kwa kidole, Nerina akataja. Lile jeupe lenye petali zilizozunguka kama ngazi ya mnara, Vergine di Collebeato. Lile la waridi lenye michirizi myekundu, Bella Romana. Lile kule, Contessa Lavinia Maggi. Hakukosea hata moja, na kila jina lilipotajwa sawasawa Nerina alihisi kama kuna mtu nyuma ya majani anashusha pumzi ya kuridhika.

Na kulikuwa na ule mlio. Kamelia haipukutishi petali moja moja. Ua hudondoka zima, likatua chini. Buf. Hilo nalo kila mtu wa huku analijua. Ila maua ya Fontebuia yalikuwa yakidondoka nyuma yao tu. Wakienda, buf, buf, buf, kwa mwendo ule ule. Wakisimama, kimya.

"Dada," Fosco akamnong'oneza, "hapa pananisumbua roho. Tumalize twende."

"Bado kidogo tu. Kachukue mwavuli kwenye gari."

Fosco alipokwisha kuondoka walikuwa wamefika katikati ya bustani, penye chemchemi iliyofunikwa kwa bamba la jiwe. Juu yake uliinamia mti mmoja mnene, maua yake mekundu yanayokaribia weusi. Mingine yote ilikuwa na vibati vya majina, ingawa kutu ilikuwa imeyafuta. Huu haukuwa nacho. Nerina akauzunguka, moyo unamwenda mbio kwa furaha, kwa maana hajawahi kuuona popote wala kuusoma.

"Nishikie huu, mwanangu," alisema Bi Ottavia, akamtia mkononi ufunguo mkubwa wa chuma. "Vidole vyangu vimekufa ganzi. Utaushika?"

"Nitaushika, bibi."

"Na bustani utanishikia?"

Nerina akacheka, macho hayajatoka mtini. "Nitakushikia."

"Sema tena. Mimi mzee, sisikii vizuri."

"Nimesema nitakushikia!"

Kimya kikashuka. Hata manyunyu yalikoma kusikika. Nerina alipogeuka, uso wa yule mzee ulikuwa umelowa machozi, na chini ya machozi ulikuwa unacheka.

"Nisamehe," alisema. "Mimi nilikuwa na miaka ishirini na minane. Wewe angalau umeishi kidogo."

Akaondoka. Hakutembea kizee. Fosco, aliyekuwa akirudi na mwavuli, alimwona anapita langoni, anachomoa sanduku la nguo lililofichwa nyuma ya nguzo, anamwambia, "Siku njema, bwana," kisha anateremka barabara mbio mbio kama msichana aliyeruhusiwa kutoka shule.

"Nerina!" Fosco akaita kutoka langoni. "Bibi yako amekimbia nyumba yake! Njoo, tuondoke!"

Nerina alikuja. Aliliona lango liko wazi, akaliona gari, akamwona Fosco na mwavuli wake. Akanyanyua mguu kuvuka kizingiti, akautua, na uso kwa uso naye ulikuwa ule mti mwekundu usio na jina.

Alidhani ni kizunguzungu. Akarudi langoni. Akavuka. Mti. Akarudi tena, sasa anakimbia, na safari hii alikaza macho kwa kaka yake bila kupepesa, akavuka, na alipopepesa mara moja tu, mti.

"Nerina, wewe vipi?" Sauti ya Fosco ilikuwa imebadilika. "Mbona unafika hapa unageuka?"

"Sigeuki! Nimetoka mara tatu!"

"Unageuka, dada yangu. Unafika hapa, unasimama, unageuka mwenyewe. Kama mtu aliyekumbuka ameacha kitu motoni."

Walitazamana. Umbali kati yao haukuzidi hatua mbili.

Fosco akaingia, akamkamata viganja vyote viwili, akaanza kumvuta akitembea kinyumenyume. Yeye mwenyewe alitoka bila taabu. Lakini mikono ya Nerina ilipofika kwenye mstari wa kizingiti, ubaridi ukampanda kutoka vidoleni hadi mabegani, pua ikamchuruzika damu, na Fosco akasikia, kwa mikono yake na si kwa masikio, kwamba kuna mwingine upande wa pili ameshika kiuno cha Nerina na anavuta bila haraka, kama mtu anayejua kamba ni yake.

"Niachie!" Nerina akalia. "Fosco, niachie, napasuka!"

Akamwachia. Nerina akageuka. Sasa Fosco aliona vizuri jinsi anavyogeuka, na alisema baadaye kwamba hilo ndilo lililomtisha kuliko damu: uso wake ulitulia.

Simu haikuwa na mtandao. "Naenda kumwita Zaira," akapiga kelele kutoka nje. "Yule mama muuza mayai, aliyemtoa marehemu mke wangu jicho la hasidi. Dakika ishirini! Usiguse kitu!"

"Usiniache humu!"

Lakini gari lilikuwa limeshawaka.

Nerina alibaki amesimama kwenye kokoto na ufunguo mkononi, akajaribu kuutupa na vidole vikakataa kufunguka, akajaribu kuupanda ukuta na kila alipopata pa kuweka mguu jiwe lilimeguka taratibu kama mkate uliolowa, na nyuma yake yale maua yakaanza tena, buf, na buf, yakikaribia bila pupa, hadi ile harufu ya nywele ikamfunika kichwa kama shuka, na ndani ya harufu ile pumzi ya mtu ikamgusa shingoni, pumzi baridi, pumzi ya kitu kilichokaa majini tangu kabla ya nyumba kujengwa, ikasema kwa sauti ya kiume yenye upole mwingi, sauti ambayo hakuna mwanamume aliyewahi kumsemeza nayo maishani mwake, kwamba yeye peke yake anayajua majina, kwamba pale posta hakuna anayemjua, kwamba matawi ya upande wa kaskazini yameachwa yakaota ovyo na mkasi uko pale pale juu ya jiwe, atazame, uko karibu na mkono wake. Na kilichomtoa Nerina machozi si kwamba aliogopa, bali ni kwamba woga ulikuwa unamtoka, kidogo kidogo, kama maji kwenye ndoo iliyotoboka, na alipojaribu kuushikilia hakujua aushike wapi.

Akauchukua mkasi.

Zaira alikuwa mwanamke mfupi, mnene, mwenye kitambaa kichwani na viatu vya mpira. Hakuvuka kizingiti. Aliweka sahani ya maji juu ya boneti la gari, akachora msalaba hewani, akadondosha tone la mafuta ya zeituni. Kwa kawaida mafuta huelea. Tone lile lilizama hadi chini likatulia kama jicho.

"Ameshapokelewa," alisema.

"Na nani? Sema nikuelewe, mama!"

"Punguza sauti." Akamvuta Fosco pembeni. "Wazee walikuwa na jina lao la kumwita, mimi sitalitaja mbele ya lango lake. Ni jini. Alikuwa kwenye chemchemi kabla ya ukuta huu. Bwana wa kwanza wa Fontebuia alitaka kamelia ambazo hakuna mwingine anazo, naye jini akampa, kwa sharti la mwanamke wa kumtunzia bustani. Mmoja, daima. Mmoja akichoka humkabidhi mwingine ufunguo, naye mpokeaji akikubali mara tatu, basi. Wote tulijua bondeni. Tulinyamaza."

"Basi mfukuze!"

"Mimi naondoa husuda, sitoi chemchemi ardhini. Aliyekabidhi ndiye anayeweza kupokea tena. Na iwe kabla jua halijazama, maana giza likimkuta humo, amekwisha kuwa wake. Ottavia kaenda wapi?"

Alikuwa kwenye kituo cha basi chini ya kanisa. Amekaa kwenye benchi, sanduku magotini, anakula mkate mtamu wa zabibu kutoka kwenye mfuko wa karatasi, makombo yametapakaa kwenye koti lake zuri.

"Usinishike," alisema kabla Fosco hajafungua mdomo.

"Sikushiki, bibi. Nimekuja kukaa." Akakaa. "Unakwenda wapi?"

"Viareggio. Niliolewa nikaahidiwa bahari kwa fungate. Mama mkwe akasema, kwanza nishikie huu ufunguo, mwanangu." Akatafuna. "Alinikabidhi Jumatatu. Alhamisi tukamzika. Ukitoka unapewa siku tatu, bwana. Ninazijua hesabu zangu. Siku tatu, sijaiba zaidi ya hizo."

Fosco akasema alichokijua. "Treni ya kwenda huko nimeiendesha miaka kumi na tisa. Ukipanda, kaa upande wa kushoto. Mkitoka kwenye handaki utaliona ziwa kwanza, limejaa matete, utadhani ndiyo bahari. Siyo. Ngoja kidogo."

Mzee akamtazama. "Dada yako ameshaiona bahari?"

"Kila Agosti. Analalamika mchanga unaingia kwenye mikate."

Bi Ottavia alicheka, kicheko kifupi, kisha akajishika mdomo.

Zaira akawa amefika, anahema kwa kushuka kilima. "Ottavia. Unanikumbuka?"

"Zaira wa mfua nguo. Uliniibia kalamu darasa la tatu."

"Niliirudisha."

"Uliirudisha imevunjika. Na miaka hamsini na miwili umekaa kilomita mbili kutoka kwangu, hukuja kugonga lango hata siku moja."

"Niliogopa," alisema Zaira.

"Basi usinihubirie."

"Sikuhubirii, shoga yangu. Nakuuliza tu. Siku ile ya kwanza, ulipogundua hutoki, ulimlaani mama mkwe wako kwa maneno gani? Yakumbuke. Ndiyo anayoyasema mtu huko juu sasa hivi."

Basi likaja. Likasimama, mlango ukafunguka kwa mlio wake wa kuvuta pumzi. Dereva akachungulia. "Bibi, unapanda?"

Bi Ottavia alisimama. Akaweka mguu mmoja kwenye ngazi, kile kiatu chake kinachong'aa, akashika nguzo ya mlangoni. Alikaa hivyo muda mrefu kiasi kwamba abiria wa nyuma walianza kunung'unika.

"Hapana, mwanangu," alisema hatimaye. "Nimesahau kitu nyumbani."

Walipofika juu, jua lilikuwa limeshuka hadi kwenye vilele vya mizeituni. Nerina alikuwa amepiga magoti kwenye tope, mikono imekwaruzika hadi kwenye viwiko, anapogoa.

"Nerina! Njoo, dada, mambo yamekwisha!"

"Kwani kuna haraka gani?" Hakugeuza kichwa. "Huu upande haujaguswa miaka. Nenda kale, Fosco. Nina kazi."

"Mpe bibi ufunguo wake."

"Wa kwangu."

Alisema hivyo kwa upole sana, na juu yao matawi yakatikisika ingawa hapakuwa na upepo. Fosco akamgeukia Zaira, na Zaira akatikisa kichwa: tone la mafuta lilikuwa bado chini ya sahani. Ndipo Bi Ottavia alipoweka sanduku lake chini nje ya lango, akavua koti, akalikunja vizuri, akaliweka juu yake. Akavuka kizingiti.

Alikwenda moja kwa moja hadi kwa Nerina, akamzaba kofi lililosikika barabarani.

"Toka kwenye miti yangu!" alipiga kelele. "Mwizi we! Umekuja na kidaftari chako kuninyang'anya nyumba yangu? Nani kakwambia anakutaka? Miaka hamsini na miwili mimi ndiye ninayemjua! Mimi! Lete hapa!"

Akamng'ata kidole. Ufunguo ukaanguka kwenye kokoto, naye akaunyakua kama kuku anayedonoa.

"Ninaushika," alisema, akitazama ule mti na si watu. "Ninaushika. Ninaushika."

Kila ua lililokuwa juu ya mti ule likadondoka kwa mara moja. Nerina akapiga yowe, yowe la mtu aliyeamshwa ghafla usingizini, Fosco akamzoa kiunoni, na safari hii hakuna kilichomvuta. Walipokuwa wote wawili wameanguka barabarani, lango lilikuwa limekwisha kufungwa, na ndani yake Bi Ottavia alikuwa ameegemea vyuma, kifua kinampanda na kushuka.

"Bibi," Nerina alilia, "yale uliyosema, ya kwamba mimi ni mwizi..."

"Yule wa chemchemini anapenda kugombewa," alinong'ona mzee. Akapitisha mkono katikati ya vyuma, akamfuta tope usoni. Mkono ulivuka hadi kwenye kifundo, haukuvuka zaidi. "Nenda nyumbani, mwanangu. Zaira, koti langu lichukue, usiliache linyeshewe."

Tangu hapo kila Jumapili baada ya misa Zaira alipanda kilima na kiti cha kukunja, akakaa nje ya lango, Ottavia akakaa ndani, wakapiga soga: nani kafa, nani kaoa, ile kalamu nani aliivunja. Nerina hakuweza kwenda. Alituma mikate ya zabibu.

Bi Ottavia alikufa Novemba. Zaira alimkuta amekaa kwenye kiti chake nyuma ya lango, ufunguo kifuani. Wanaume wanne wa bondeni waliingia kuchukua jeneza, padri mbele. Walifika langoni, na jeneza likawaelemea upande wa mbele, likazunguka mikononi mwao kama ng'ombe aliyekataa njia, wakajikuta wanatazama bustani. Wakajaribu tena. Mara ya tatu mmoja wao akaanza kulia.

"Lishusheni," alisema Zaira. "Mzikeni humo humo. Atawachosha bure."

Padri alibisha, kisha akaona nyuso za wale wanaume, akaacha kubisha.

Baadaye walileta tofali na saruji wakaziba lango. Nerina alikuja siku hiyo, kwa mara ya kwanza, akasimama nyuma ya mafundi hadi likabaki tundu moja tu.

"Zaira," aliuliza kwa sauti ndogo, "ina maana amebaki naye?"

"Amebaki naye."

"Milele? Peke yake?"

"Tangu Machi alikuwa na kalamu, alikuwa na karatasi, na watu wapenda kamelia wamejaa Italia nzima." Zaira alijifuta macho kwa ncha ya kitambaa. "Hakumwandikia mtu."

Nerina akamwomba fundi mwiko. Akachota saruji, akaipaka pande zote nne za tundu, akalipachika tofali la mwisho kwa mkono wake. Kabla halijakaa sawa alilihisi linasukumwa kutoka upande wa ndani, polepole, kwa subira, kama mtu anayejaribu mlango asiyetaka kuamsha wenye nyumba.

Hakumwambia mtu. Alilirudisha kwa viganja vyote viwili, akaliegemea kwa kifua, akabaki hivyo hadi saruji ilipoanza kushika.